Dalali anataka tulipe leo apatimenti ya karibu na chuo, tusaini?

"Nimepata nafasi ya kusoma chuo kilichopo katikati ya jiji, naanza wiki sita zijazo. Mimi na wenzangu wawili tumepata apatimenti ya vyumba vitatu, kwa mguu ni dakika tano tu mpaka geti la chuo. Tumeiona kwa picha, maana aliyemo bado hajahama. Dalali anasema kuna watu wengine wanaitaka, kwa hiyo tulipe leo kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti ya miezi miwili, halafu tusaini wote watatu mkataba mmoja wa miezi 12 na wazazi wasaini kama wadhamini. Masomo yangu ni miezi 9 kwa mwaka. Mmoja wetu ameshaanza kusema huenda akahamia chuo kingine muhula wa pili. Wenzangu wanasema hakuna shida, kila mtu atalipa sehemu yake, na dipoziti tutaifanya kodi ya miezi ya mwisho. Kuna nyumba nyingine, kwa kichwa ni robo tatu ya kodi ya hii, unalipa mwezi kwa mwezi, ila ni dakika 40 kwa basi. Naogopa kuikosa hii ya karibu na naogopa pia kuichukua. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, pole na hiyo presha, na umefanya vizuri sana kuuliza kabla hela haijatoka mfukoni. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukaa na wapangaji wanafunzi, mikataba yao ikiwa mezani, na wengi wanakuja wakiwa wameshasaini, hapo kinachobaki ni kupunguza hasara tu. Wewe bado mikono yako iko huru. Naona kwenye swali lako mambo matatu yamejifunga pamoja yakawa hofu moja kubwa: kulipia nyumba ambayo hujaiona, mkataba mmoja wa watu watatu, na hesabu ya karibu na mbali. Nianze na la kulipa maana ndo lenye haraka.

Usilipe leo. Simsemi huyo dalali kuwa ni tapeli, simjui, na madalali wengi wanatafuta riziki yao kihalali kabisa. Ila huu mpangilio wa picha bila kuingia ndani, hela nyingi kwa mkupuo na "leo leo kabla wengine hawajachukua" ndo mpangilio uleule wanaoutumia matapeli wa nyumba, na wanapenda sana msimu wa kufungua vyuo, kwa sababu wakati huo vijana wengi wanatafuta nyumba kwa pamoja, hawaujui mji, bado wako makwao, na wameshika hela ya mzazi ambayo lazima itumike kabla masomo hayajaanza. Tapeli anachukua picha za nyumba ya kweli, pengine ilitangazwa mwaka juzi, anaweka bei iliyo chini kidogo ya wengine, halafu kila ukitaka kuiona kuna sababu, mara aliyemo hajahama, mara mwenye nyumba kasafiri, mara ufunguo uko kwa fundi. Unalipa, unatumiwa hadi mkataba wenye mhuri, unafika na mabegi yako unakuta mlango unafunguliwa na mama wa watu anakaa pale miaka minne na hana habari na wewe.

Aliyemo kutohama sio kizuizi cha kuiona nyumba, nyumba nyingi zinaonyeshwa zikiwa na watu ndani kwa makubaliano ya saa fulani, na kwa kweli ni bahati kwako kwasababu yule anayehama mara nyingi hana sababu kubwa ya kukudanganya. Muulize maji yanakatika mara ngapi, bili zinakujaje, kitu kikiharibika mwenye nyumba anachukua muda gani kutengeneza, na kwanini anahama. Kama ninyi bado mko mbali na mji, tumeni ndugu au rafiki aliyepo huko, na kama hakuna kabisa basi iwe simu ya video ya moja kwa moja, sio video iliyorekodiwa, aanzie barabarani ionekane namba ya jengo, apande ngazi, afungue mlango kwa ufunguo, afungue bomba, afungue dirisha uone linatazama wapi. Zile picha nazo zipitishe kwenye utafutaji wa picha wa intaneti uone kama hazijatumika kwenye tangazo la mji mwingine.

Halafu omba kitu kinachoonyesha mwenye nyumba ni nani, hati ya umiliki, au bili ya jengo yenye jina linalofanana na kitambulisho chake, na kama anayesaini ni dalali basi awe na barua ya kumruhusu kupangisha. Nchi nyingi zina masjala ya ardhi ambapo kwa ada ndogo unaweza kuangalia jina la mmiliki. Hela iende kwenye akaunti yenye jina lilelile lililoandikwa kwenye mkataba, sio ya "mke wangu" wala ya "kijana wangu wa ofisini", na risiti iseme hii ni ya nini. Kama kweli mnaogopa kuikosa, kuna njia ya katikati, mwambieni mko tayari kutoa kiasi kidogo cha kuishikilia kwa siku tatu, kwa maandishi, ikisema kiasi hicho kitakatwa kwenye kodi na kitarudi chote kama nyumba haifanani na alivyoieleza au mwenye nyumba akighairi. Dalali mwenye nyumba ya kweli huwa anakubali au anajadiliana. Anayekasirika ukiomba siku mbili za kuona na kusoma, mwache aende.

Sijasema nyumba itawasubiri. Nyumba za dakika tano kutoka geti zinagombaniwa kweli, na inawezekana wakati mnasoma mkataba wengine wakalipa. Hiyo hasara ipo na inauma, ila ni hasara ya wiki moja ya kutafuta tena, na muhula ukishaanza kuna watu wanaacha vyumba kwa sababu mipango yao imebadilika, nafasi zinajitokeza na bei inalegea kidogo.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho mimi kingeninyima usingizi kuliko hata utapeli, huo mkataba mmoja wa majina matatu. Wenzako wanasema kila mtu atalipa sehemu yake. Najua wanamaanisha, na kati yenu ninyi watatu hilo ni kweli. Ila mwenye nyumba hayumo kwenye makubaliano yenu. Mkataba wa pamoja wa namna hii, sehemu nyingi sana duniani, maana yake kisheria ni kwamba ninyi watatu ni mpangaji mmoja, na kila mmoja wenu anadaiwa kodi yote, sio theluthi. Mmoja akikosa kulipa, mwenye nyumba halazimiki kumtafuta yeye. Anaweza kumshika yeyote kati yenu aliye rahisi kupatikana, au mwenye mzazi mwenye uwezo, akamdai kiasi chote, halafu wewe ndo ukahangaike kumdai mwenzio.

Tuweke namba ili uone inavyouma. Chukulia kodi ya apatimenti nzima ni 300 kwa mwezi, hela yoyote ile, kwa hiyo kila mtu 100. Mwenzenu anahama baada ya miezi mitano. Imebaki miezi saba, pengo ni 700, na mnabaki wawili, kwa hiyo kila mmoja anaongeza 350 ambazo hakuzipanga, ghafla kodi yako imetoka 100 imekuwa 150 kila mwezi mpaka mwisho. Na yule wa pili akisema hawezi, naye akaondoka? Unadaiwa 300 peke yako. Mwenye nyumba hajafanya kosa lolote hapo, anafuata karatasi mliyosaini.

Hili nalijua kwa mwili wangu, sio kwa vitabu tu. Mwaka wangu wa pili chuoni tulipanga wanne, mmoja akaacha masomo mwezi wa tatu kwa sababu ya kuumwa, hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alikuwa rafiki yangu wa karibu. Tukalipa pengo miezi miwili, ya tatu tukashindwa, barua ya madai ikaja kwa majina yetu wote ikiwemo lake yeye akiwa amelala hospitali. Urafiki ulipona baadae sana. Ndo maana huyo mwenzenu anayesema "huenda nikahama" nakuomba mlichukulie neno lake kwa uzito uleule mnaoichukulia kodi yenyewe, na kulisema sasa hivi kabla hamjasaini amewafanyia wema mkubwa.

Udhamini wa wazazi unakaa juu ya hilohilo. Watu wengi wanadhani mzazi anamdhamini mtoto wake. Soma ile karatasi neno kwa neno, kwasababu mara nyingi imeandikwa mdhamini anabeba wajibu wote wa mpangaji chini ya mkataba huu, na mpangaji, kama tulivyosema, ni ninyi watatu mkiwa kitu kimoja. Maana yake mzazi wako anaweza kudaiwa deni la mtoto wa watu ambaye hajawahi kumuona. Kwa ule mfano wetu alidhani anadhamini 1,200 za mwaka kumbe amedhamini 3,600, na juu yake uharibifu wa nyumba. Kitu cha kuomba hapa ni kimoja na kinaombeka kabisa, iandikwe kwamba mdhamini huyu anawajibika kwa sehemu ya fulani tu, kiasi kisichozidi hiki, na mwisho wa udhamini ni tarehe ya mwisho wa mkataba huu, usiendelee wenyewe mkataba ukiongezwa. Kuna wenye nyumba watakataa, wengine watakubali bila hata kubishana maana hawakuwahi kuulizwa. Mzazi asisaini kwa kukuonea huruma siku ya mwisho, mpe karatasi aisome siku mbili kabla.

Njia bora kuliko zote kwa watu kama ninyi ni mkataba wa chumba kwa chumba, kila mmoja na wake, sebule na jiko mnatumia pamoja. Mwenzenu akihama, hilo ni la mwenye nyumba na yeye. Ila nikuambie na upande wa pili: mara nyingi ni ghali kidogo, na chumba kikibaki wazi mwenye nyumba ndo anachagua nani anaingia, unaweza ukajikuta unapika na mtu usiyemjua. Wengine hilo hawalivumilii, mimi naona ni bei ndogo ukilinganisha na kubeba deni la mwenzio. Kama mwenye nyumba anataka mkataba mmoja tu na hasogei, basi muombe kipengele cha kubadilisha mpangaji, yaani mmoja akitaka kutoka anaweza kuleta mtu wa kuchukua nafasi yake, mwenye nyumba ana haki ya kumkagua lakini asikatae bila sababu ya maana, na yule wa zamani anafutwa kwenye mkataba kwa maandishi. Hiyo ya kufutwa watu wanaisahau, mtu anahama, mwingine anaingia kimyakimya, na jina la aliyehama linabaki pale likimdai.

Pamoja na hayo andikeni yenu ninyi watatu, ukurasa mmoja unatosha, nani analipa kiasi gani, tarehe gani, akitaka kuondoka anatoa taarifa muda gani, analipa mpaka mtu wa kuchukua nafasi yake apatikane au mpaka lini, na dipoziti yake inarudishwaje. Karatasi hiyo haimfungi mwenye nyumba hata kidogo, msijidanganye, ila inakupa ushahidi wa kumdai mwenzako na, la muhimu zaidi, inawalazimisha mzungumze sasa mkiwa bado mnapendana.

Kuhusu miezi 12. Kodi unayoilipa miezi usiyoishi ni kodi bado. Ukilipa 100 mara 12 ili ukae miezi 9, kwa kweli umelipa 133 na kitu kwa kila mwezi uliolala pale, yaani theluthi moja zaidi ya bei uliyoambiwa. Na kuna imani imeenea sana kwamba ukitoa notisi ya mwezi mmoja umeshatoka. Hapana, sehemu nyingi mkataba wenye mwanzo na mwisho haukatwi na notisi mpaka uwe na kipengele kinachoruhusu hivyo, notisi ya mwezi ni ya wale wanaokaa mwezi kwa mwezi. Sehemu nyingine sheria inamtaka mwenye nyumba ajitahidi kupata mpangaji mwingine badala ya kukaa tu akihesabu deni lako, sehemu nyingine hapana, kwa hiyo hilo usiliwekee matumaini kabla hujaliuliza kwenu.

Utasikia pia "likizo tutampangisha mtu mwingine". Kwanza angalia kama mkataba unaruhusu, mingi inakataza bila ruhusa ya maandishi, na ukifanya kwa siri unaweza kufukuzwa. Pili, fikiria, karibu na chuo wakati wa likizo ndefu kila mwanafunzi anatafuta mtu wa kumwachia chumba na wanaohitaji chumba wameondoka, kwa hiyo bei inaanguka. Ukipata nusu ya kodi shukuru, kwenye hesabu zako weka sifuri. Ombeni mkataba wa miezi 10 hata kama kodi ya mwezi itapanda kidogo, 110 mara 10 ni 1,100, bado iko chini ya 1,200. Ila kama unajua mwaka wa pili mtabaki palepale, miezi 12 ina faida yake, vitu vyako vinabaki ndani na hurudi kwenye kinyang'anyiro cha kutafuta nyumba msimu ukianza.

Dipoziti sio kodi. Ni hela yako iliyoshikwa na mwenye nyumba kama dhamana ya uharibifu na madeni, na mkiacha kulipa miezi miwili ya mwisho kwa kusema "si mna dipoziti yetu" mmeshavunja mkataba, anaweza kuwaandikia madai ya kodi na bado akaikagua nyumba na kuwadai uharibifu juu yake, na mnapoteza ile rekodi nzuri ambayo mwenye nyumba anayefuata ataiulizia. Kama mwenye nyumba mwenyewe anakubali iwe hivyo, sawa, iandikwe. Na miezi miwili ni mingi, kuna nchi sheria imeweka kikomo cha dipoziti na kuna zinazotaka iwekwe kwenye akaunti ya pembeni, ulizia huko unakokwenda kabla ya kutoa.

Kinachorudisha dipoziti ni ushahidi wa siku ya kwanza. Kabla hujaingiza hata begi, pita chumba kwa chumba na simu, piga video, fungua kila kabati, sinki, nyuma ya milango, chini ya kitanda, kila ufa na doa na kioo chenye nyufa, piga na mita za umeme na maji namba zionekane. Itume siku hiyohiyo kwa mwenye nyumba ili tarehe ibaki. Siku ya kutoka unarudia. Rangi iliyofifia na zulia lililochakaa njia ya mlangoni ni uchakavu wa kawaida, huo ni gharama yake yeye. Tundu la ukutani, kitasa kilichong'oka, alama ya pasi kwenye zulia, hiyo ni yenu. Mabishano mengi ninayoyaona yapo katikati ya hivyo viwili, na mwenye picha ndo anayeshinda.

Mkienda kuiona nyumba, nendeni mara mbili, mchana na usiku. Usiku ndo utajua kama chini kuna baa, taa za njia kutoka geti zinawaka au la, na kama mlango mkubwa wa jengo unafungwa au unabaki wazi tu. Fungua bomba la jikoni na la bafu kwa pamoja huku mwenzio anavuta maji chooni, hasa kama ni ghorofa ya juu, uone presha inabaki kiasi gani. Tazama kona za dari na nyuma ya makabati yanayogusa ukuta wa nje, ukungu mweusi unaanzia hapo, hewa yenye unyevu ikigusa ukuta baridi inatoa maji, na vyumba vitatu vya wanafunzi wanaoanika nguo ndani na kufunga madirisha vinatengeneza unyevu mwingi sana. Rangi mpya kwenye kona moja tu nayo iulize. Kama kuna hita ya maji ya gesi, angalia ina bomba la kutolea moshi nje na chumba kina hewa, maana gesi ya kabonimonoksaidi haina rangi wala harufu na inaua watu wakiwa wamelala, hapo sina mjadala, hita ya gesi ndani ya bafu lisilo na hewa nakataa hata kama nyumba ni bure. Dirisha lenye nondo liwe na sehemu ya kufungukia kwa ndani, moto ukitokea mtatokea wapi? Na umeme, uliza kama mita ni yenu peke yenu au mnagawana na majirani, uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo hita ya wati 2,000 ikiwaka kwa muda wa saa tatu ni uniti sita, ukigawana mita na mtu unalipia hita yake. Vitasa vibadilishwe mkiingia, hujui funguo ngapi zinazunguka mjini.

Sasa karibu au mbali. Kwa mfano wetu hii ya karibu kwa mwaka ni 1,200, ya mbali ni 75 mara 9, yaani 675. Tofauti 525, ukizigawa kwa miezi 9 ni kama 58 kila mwezi. Toa nauli ya basi ya mwezi kwenye hizo 58, kinachobaki ndo unachookoa. Upande wa pili ni muda, dakika 40 kwenda na 40 kurudi, siku tano, ni saa sita na dakika 40 kwa wiki, karibu siku nzima ya kazi. Kama kozi yako ina maabara za usiku au vipindi vilivyotawanyika asubuhi na jioni, huo umbali utakuchosha na utaanza kukosa vipindi, nimewaona wengi. Kama ratiba yako imekusanyika siku tatu na unaweza kusoma ndani ya basi, sio mbaya hata kidogo. Panda hilo basi siku ya kazi asubuhi, sio jumapili, ndo ujue dakika 40 ni kweli, na uliza la mwisho usiku linaondoka saa ngapi.

Kwa hali yako mimi ningefanya hivi. Wewe na yule mwenzio wa uhakika kaeni muulizane kama mnaweza kulipa kodi nzima wawili. Kama mnaweza kwa kubana, na mwenye nyumba anakubali kipengele cha kubadilisha mpangaji na udhamini wenye kikomo, chukueni hii ya karibu mkishaiona. Kama hamuwezi, au mwenye nyumba hakubali, nenda kwenye ile ya mwezi kwa mwezi kwa muhula wa kwanza, ujue mji, ujue watu, halafu muhula wa pili utafute chumba cha karibu ukiwa upo palepale unatembea kwa miguu yako. Kulipa mwezi kwa mwezi nako kuna ubaya wake, mwenye nyumba anaweza kukupa notisi wewe pia katikati ya mitihani, kwa hiyo uliza notisi ni ya muda gani pande zote mbili.

Kuna mahali majibu ya kuandikiana kama haya hayatoshi. Mkataba wenyewe, peleka kwa mtu ausome uso kwa uso kabla mzazi wako hajasaini udhamini, vyuo vingi vina ofisi ya makazi au ya huduma za wanafunzi, na vingine vina msaada wa kisheria wa bure, fahamu tu kwamba chuo sio sehemu ya mkataba wako na hakiwezi kuuvunja, kinaweza kukushauri. Ukishahamia, kama mwenye nyumba akibadilisha kitasa ukiwa nje, akakata maji au umeme ili mtoke, au ikaja barua ya mahakama, nenda kwa mwanasheria au kituo cha msaada wa sheria siku hiyohiyo, barua za mahakama zina tarehe na ukinyamaza unaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa. Ikitokea umetuma hela na ukagundua ni utapeli, kwanza piga benki au kampuni ya simu uliyotumia, dakika zina maana hapo, kisha polisi ukiwa na meseji zote. Na mkiwa nyumbani wote wanaumwa kichwa na kichefuchefu ila mkitoka nje mnapata nafuu, tokeni, fungueni madirisha mkipita, msirudi, na mwende hospitali mseme kwenu kuna hita ya gesi.

Dalali mjibu hivi leo: "Tunaitaka nyumba. Tunaomba kuiona ndani kesho au kesho kutwa, nakala ya mkataba na ya udhamini tuisome, na jina la mmiliki. Tupo tayari kutoa hela ya kuishikilia kwa maandishi." Kabla ya kuituma, mpigie yule mwenzenu wa muhula wa pili, sio meseji, mpigie. Mwambie hukasiriki akisema anahama, unachotaka kujua ni kama jina lake liwepo kwenye karatasi au lisiwepo.